Umeme Usukume, Chuma Kishike

Mita ya tokeni ikiishiwa na uniti hutoa mlio mmoja mkavu, tak, na nyumba nzima ikaingia giza. Wengi wetu mlio ule tunauhusisha na bei ya umeme, wala hatuulizi umetoka wapi. Umetoka kwenye swichi ya sumaku iliyofichwa ndani ya mita, ambayo kwa kawaida ni ya aina isiyohitaji umeme ili kubaki ilipo. Koili yake hupata pigo fupi la mkondo, chini ya sekunde moja, swichi ikarukia upande wa pili, na hapo itakaa saa moja au mwezi mzima bila kula chochote. Aliyeibuni alijua kwamba kusogeza kitu na kukishikilia ni kazi mbili tofauti, na kwamba hiyo ya pili haina haja ya kulipiwa umeme. Kanuni hiyo ndiyo ninayoiona ikikosekana katika vifaa vingi vinavyoundwa nyumbani, iwe ni mlango wa banda la kuku, kengele ya shule au kifungio cha bomba la shamba. Njia nyepesi ya kuifuata ni kuoanisha sumaku-umeme na gurudumu la meno lenye kidole cha kuzuia, kile ambacho mafundi wa gereji hukiita racheti. Umeme usukume mara moja, kisha chuma kishike.

Kwa mwenye nyumba iliyounganishwa na nguzo za Kenya Power, tofauti hiyo ni ya senti chache. Katika wadi ya Adu ni suala la taa kuwaka au kutowaka. Adu iko Magarini, Kaunti ya Kilifi, na bara yake ni nchi kavu ya mahindi na mbuzi, na Kilifi yenyewe imo katika orodha ya kaunti 14 zilizowekwa kwenye mpango wa serikali wa KOSAP kwa sababu umeme wa gridi haujazifikia ipasavyo. Si kwamba kaunti hii ni ngeni kwa mitambo mikubwa. Langobaya kuna shamba la sola la megawati 52 linalolisha gridi ya taifa, na kutoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini pale Ngomeni, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Hata hivyo, boma lililo ndani kabisa ya Adu haliponi kwa megawati za Langobaya. Linategemea paneli ya wati 20 juu ya bati na betri iliyowekwa chini ya kitanda, na kila kifaa kinachoongezwa humo kinagombania chakula na taa ya mtoto anayesoma.

Hebu tupige hesabu. Rilei ya kawaida ya gari, ile ya volti 12 inayopatikana kwa muuza vipuri yeyote Malindi, koili yake hula wati moja na nusu hivi muda wote inapokuwa imevuta. Ukiitumia kushikilia mlango wa banda kutoka magharibi hadi alfajiri, saa 12, imekula wati-saa 18. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7 hubeba wati-saa 84, na anayetaka idumu haishushi chini ya nusu, kwa hivyo anazo 42 za kutumia usiku. Rilei moja, ambayo haikuangaza chumba wala kupiga muziki, imeshameza zaidi ya theluthi moja ya akiba hiyo, umeme unaotosha kuchaji simu na ukabaki. Sasa chukua koili yenye nguvu zaidi ya mara kumi, ya wati 20, lakini uipe mkondo kwa moja ya tano ya sekunde tu, muda wa kusukuma jino moja la gurudumu. Pigo hilo limetumia jouli 4. Umeme ambao rilei iliula usiku kucha kwa kushikilia tu ungetosha kutoa mapigo ya aina hiyo zaidi ya 16,000. Sijui fundi ambaye angeona tarakimu hizo mbili zimeandikwa pamoja kisha achague ya kwanza. Tatizo ni kwamba haziandikwi pamoja.

Ili kuelewa kwa nini sumaku-umeme ni hodari kwa pigo na dhaifu kwa kazi ndefu, lazima tuangalie inavyofanya kazi. Mwaka 1820 Hans Christian Oersted wa Denmark aligundua kwamba waya unaopitisha umeme huichezesha sindano ya dira. Miaka michache baadaye, 1824, Mwingereza William Sturgeon alizungusha waya kwenye kipande cha chuma kilichopindwa kama kiatu cha farasi, na chuma hicho cha gramu 200 kikaweza kunyanyua kilo 4 hivi. Joseph Henry wa Marekani alipoufunika waya kwa hariri ili mizunguko isigusane, akaongeza mizunguko mingi, na kufikia 1831 alikuwa amejenga sumaku inayobeba zaidi ya kilo 900. Pwani yetu haikuchelewa kuiona kazi ya uvumbuzi huu: laini ya telegrafu kati ya Mombasa na Lamu ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kipokezi cha telegrafu ni sumaku-umeme inayovuta kipande cha chuma kila mkondo unapopita. Wanafunzi wa Kenya wameisoma kengele ya umeme katika fizikia ya kidato cha pili kwa miaka mingi, wameichora, wameijibu kwenye mtihani, na wengi wameiacha pale pale kwenye daftari.

Kile ambacho mchoro wa daftari hausemi ni jinsi nguvu ya sumaku inavyopungua kwa umbali. Tuseme koili ina mizunguko 500 ya waya wa shaba wa unene wa milimita 0.3, jumla ya mita 30 hivi, yenye ukinzani wa omu 7 na zaidi kidogo. Kwa volti 12 itapitisha ampea 1.6. Ikiwa kiini chake ni chuma chenye ukubwa wa sentimita moja ya mraba na fremu imefunga njia ya sumaku vizuri, basi pengo likiwa milimita 4 nguvu ya kuvuta, kwa hesabu, inakaribia ile ya kunyanyua robo kilo. Pengo likiwa milimita moja, nguvu inakuwa mara kumi na sita, zaidi ya kilo tatu na nusu. Pengo likifika sentimita mbili, huna kitu. Hii ndiyo sababu vijana wengi hujenga koili nzuri, wakaifunga mbali na komeo wanalotaka livutwe, kisha wakakata tamaa na kusema sumaku ya kujitengenezea haina nguvu. Nguvu inayo, ila ni ya hatua fupi sana. Inahitaji mwenzake anayejua kukusanya hatua fupi fupi bila kurudi nyuma.

Mwenzake huyo kila kijiji kinaye. Friwili ya baiskeli, yenye ule mlio wa trrr unaosikika mpandaji anapoacha kupiga pedeli, ni vidole viwili vidogo vyenye springi vinavyopita juu ya meno ya ndani: upande mmoja vinateleza, upande mwingine vinajikita na kuvuta gurudumu. Handibreki ya gari ni meno na kidole. Mikanda ya kukazia mizigo kwenye malori ni meno na kidole. Katika yote hayo nguvu ya kushikilia hutoka kwenye umbo la chuma. Jino limekaa dhidi ya kidole, na halitarudi mpaka kidole kiondolewe. Gurudumu lisukumwalo kwa sumaku linahitaji vidole viwili: kimoja kimefungwa kwenye mkono unaovutwa na koili, nacho husukuma jino mbele, cha pili kimefungwa kwenye fremu, nacho hulizuia gurudumu lisirudi wakati mkono unaporudishwa na springi kuchukua jino linalofuata.

Ndoa hii si uvumbuzi mpya, na hapo ndipo ushahidi wangu mzito ulipo. Almon Strowger, mtayarishaji wa mazishi wa Kansas City, alipata hataza yake mwaka 1891 kwa swichi ya simu inayojiendesha yenyewe. Inasimuliwa kwamba alichoshwa na mhudumu wa simu aliyekuwa akiwapeleka wateja wake kwa mshindani, ingawa kisa chenyewe kimepambwa sana na wasimulizi. Swichi za ukoo huo zilizoenea baadaye duniani zilikuwa na mhimili unaopandishwa na sumaku-umeme jino kwa jino hadi ngazi ya kumi, kisha sumaku nyingine ikauzungusha jino kwa jino hadi nafasi ya kumi, na hivyo kufikia laini yoyote kati ya 100. Kila namba uliyoizungusha kwenye simu ilikuwa mfululizo wa mapigo, na kila pigo lilikuwa jino moja. Mazungumzo yakiisha, sumaku ya tatu iliondoa vidole na mhimili ukaanguka mahali pake kwa uzito wake na springi. Kituo cha kwanza cha kibiashara cha mtindo huo kilifunguliwa La Porte, Indiana, Novemba 1892, na vizazi vya mitambo hiyo vilihudumia dunia kwa muda mrefu wa karne ya 20. Hata hesabu ya simu za kila mteja katika vituo vile iliwekwa na kaunta ndogo za namba zilizosukumwa na sumaku, jino kwa jino. Mtu akisema racheti ya sumaku ni kichezeo, amesahau kwamba bili za simu za wazazi wetu zilihesabiwa nayo.

Na je, haya yanawezekana bila kiwanda? Mfano unaojulikana zaidi uko kusini kidogo ya kwetu. William Kamkwamba wa Wimbe, Malawi, aliyelazimika kuacha shule kwa kukosa karo wakati wa njaa ya 2002, alijenga kinu cha upepo kwa fremu ya baiskeli na dainamo. Wanaomsifu huishia kwenye kinu. Mimi naona ustadi wake zaidi katika kifaa kidogo alichokiongeza baadaye ili nyumba isiungue nyaya zikigusana: kikata umeme alichokitengeneza kwa misumari miwili iliyozungushiwa waya wa shaba na kipande cha sumaku katikati, kwa kanuni ya kengele ya umeme aliyoisoma kwenye kitabu cha maktaba. Mkondo ukizidi, sumaku inasukumwa upande na njia inakatika. Msumari, waya, sumaku ya spika mbovu. Hakuna kitu hapo ambacho hakipatikani Marafa, huku Magarini, siku ya soko.

Kuna namna mbili za kuitumia ndoa hii, na aliyechagua vibaya kati yake atajuta. Namna ya kwanza ni sumaku kusukuma gurudumu, jino kwa pigo. Inafaa kwa kuhesabu na kugawa. Fikiria kioski cha maji kinachouza mtungi wa lita 20: kila bomba linapofunguliwa na kufungwa, swichi inatoa pigo, gurudumu linasogea jino moja, na namba inayoonekana nje ya sanduku inaongezeka. Betri ikifa usiku, namba haifutiki, na muuzaji hawezi kuibonyeza irudi sifuri bila kufungua sanduku. Kamati ya maji inayogombana kila mwisho wa mwezi inajua thamani ya namba kama hiyo. Au fikiria pipa la chakula cha kuku lenye vyumba sita vinavyozunguka juu ya tundu: gurudumu la meno 18 likipata mapigo matatu asubuhi na matatu jioni, chumba kimoja kinamwagika kila mara, na mwenyewe yuko shamba.

Namna ya pili, ambayo ninaipenda zaidi, ni sumaku kuachilia. Hapa nguvu ya kazi haitoki kwenye betri kabisa. Inatoka kwenye uzito ulioinuliwa na mkono wa binadamu au kwenye springi iliyokazwa. Asubuhi mtu anazungusha kigurudumu, mlango wa banda unapanda kwa kamba, na kidole kinaukamata. Magharibi pigo moja la umeme linaondoa kidole, mlango unashuka wenyewe kwa uzito wake, na nguchiro anakuta pamefungwa. Koili haikubeba mlango. Ilichofanya ni kung'oa kidole tu. Ila hata kung'oa kuna hesabu yake, kwa sababu kidole kilichokandamizwa na uzito mkubwa hung'ang'ania kwa msuguano. Mlango wa kilo mbili ukining'inia moja kwa moja juu ya kidole, koili yetu ya milimita 4 haitaking'oa. Lakini kamba ikizungushwa kwenye mhimili mwembamba wa nusu kipenyo cha sentimita moja, na kidole kikashika meno kwenye ukingo wa gurudumu la nusu kipenyo cha sentimita tano, uzito unaokikandamiza unakuwa moja ya tano, gramu 400 tu, na pigo moja linatosha. Strowger na wenzake walilijua hili. Ndiyo maana sumaku yao ya tatu iliachiwa kazi ya kuondoa vidole peke yake.

Anayetaka kujenga ataona kwamba friwili chakavu ni racheti iliyokamilika. Sehemu ya ndani ikikazwa kwenye fremu isizunguke, meno ya nje yatazunguka upande mmoja tu, na kidole cha kuzuia tayari kimo ndani. Kinachobaki ni kidole cha kusukuma. Lakini meno ya cheni ya baiskeli yamepishana kwa milimita 12.7, na tumeshaona kwamba koili ni dhaifu mno kwa umbali huo. Dawa yake ni mkono wa wenzo: koili ivute milimita 4 na kidogo karibu na egemeo, ncha ya pili isafiri milimita 13. Nguvu nayo itapungua kwa kiasi hicho hicho, theluthi moja itabaki, hivyo gurudumu liwe jepesi na friwili ioshwe kwa mafuta ya taa kabla ya kutiwa oili nyepesi, kwani grisi iliyochanganyika na vumbi la Magarini ni gundi. Jambo jingine ambalo watu hulisahau: hesabu milio ya friwili katika mzunguko mmoja kamili. Ikiwa milio ni michache kuliko meno ya nje, gurudumu linaweza kurudi nyuma karibu jino zima kabla ya kukamatwa, na utalazimika kuongeza kidole cha pili cha kuzuia upande wa nje.

Waya wa shaba hupatikana kwa fundi anayesuka upya koili za mota zilizoungua, au ndani ya transfoma ya redio ya zamani. Kiini kiwe chuma laini. Bolti ngumu ya injini hubaki na usumaku hata baada ya mkondo kukatika, na matokeo yake mkono unaganda kwenye koili na springi inashindwa kuurudisha; kifaa kinapiga mara moja, basi. Kipashe moto chuma cha kiini mpaka kiwe chekundu, kiache kipoe polepole ndani ya majivu, kisha gundisha kipande cha plastiki nyembamba mahali chuma na chuma vinapokutana. Kosa la pili ni kukata mkondo bila kuilinda swichi. Koili ikikatwa ghafla hurusha volti nyingi kuliko ilizopewa, mara nyingine mamia, na cheche hizo huunguza ncha za swichi au huua transista papo hapo. Dayodi moja ya 1N4007, ya bei ya peremende chache, ikifungwa kinyume sambamba na koili, inamaliza tatizo. Na kwa wanaokaa upande wa Gongoni na Marereni, karibu na mashamba ya chumvi, springi ya chuma kitupu haitamaliza msimu. Tafuteni ya chuma kisichoshika kutu au mpake grisi kila mara. Ndani ya Adu, mbali na bahari, adui ni vumbi.

Wapo watakaosema haya yote ni mambo ya babu. Leo kompyuta ndogo ya bodi moja na mota ya gia hununuliwa Mombasa kwa pesa zisizozidi bei ya jogoo mmoja au wawili, na kijana wa kidato cha tatu anaweza kuziandikia programu. Kwa nini ahangaike na friwili? Pingamizi hili lina uzito, na sehemu yake naikubali bila kinyongo: kompyuta ndogo inajua saa kuliko utaratibu wowote wa meno, na mota ya gia, kwa umeme ule ule, hunyanyua mzigo mkubwa zaidi ya koili. Anayetaka kufungua geti zito au kuvuta maji asitumie sumaku. Lakini pingamizi linaposema kompyuta inachukua nafasi ya racheti, linachanganya ubongo na mfupa. Kompyuta ikizimika inasahau iliko, isipokuwa mtu ameiandikia kumbukumbu; inapowaka tena huko Adu baada ya siku mbili za mawingu, haijui kama mlango uko juu au chini. Gurudumu linajua, na mtoto wa miaka sita anayelitazama anajua pia. Likiharibika, kasoro inaonekana kwa macho: jino limevunjika, springi imechoka, waya umekatika. Vyote viwili vifanye kazi pamoja, kompyuta ihesabu saa na kutoa pigo, racheti ishike. Hata katika mpango huo umeme mwingi huokolewa kwa kanuni ile ile, kwa kuwa kompyuta nayo hulala kati ya pigo na pigo.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Racheti haina njia ya kusema kwamba haikusogea. Pigo likitolewa betri ikiwa dhaifu, kidole kinaweza kuishia nusu ya jino na kurudi. Kifaa kinadhani kimefika chumba cha nne kumbe bado kiko cha tatu, na kuanzia hapo kila hesabu ni ya uongo. Kukana hili ni kujidanganya. Tiba yake ni kuweka alama moja kwenye gurudumu inayobonyeza swichi kila mzunguko unapokamilika, ili makosa yasivuke mzunguko mmoja, na kuipa sumaku umeme wa kutosha kwa kuweka kapasita kubwa karibu nayo: kapasita hujazwa taratibu na betri hata iliyochoka kidogo, kisha humwaga yote kwa pamoja. Vituo vya simu vilikuwa na mafundi wa zamu kwa ajili ya makosa ya namna hii. Kwa anayejenga nyumbani, alama na swichi ya senti chache inatosha kwa chakula cha kuku. Kwa dawa za mgonjwa haitoshi, na asijaribu.

Kuna pingamizi la tatu, ambalo wanaoipenda kanuni hii kama mimi hawalitaji sana. Kifaa kinachokumbuka hali yake bila umeme kinaikumbuka hata pale inapokuwa hatari. Bomba lililofunguliwa kwa pigo na kushikwa na kidole litabaki wazi betri ikifa, na tangi la maji yaliyobebwa kwa punda litamwagika lote mchangani. Ndiyo sababu lifti za majengo marefu hufuata kanuni iliyo kinyume: sumaku-umeme inakula umeme muda wote ili kuizuia breki isishike, na umeme ukikatika breki inashika yenyewe. Huko kushikilia kwa umeme ndiko usalama. Kwa hivyo hoja yangu ina mpaka, na mpaka wenyewe ni swali moja la kuulizwa kabla ya kukata hata kipande cha waya: betri ikizimika saa nane za usiku, ninataka kitu hiki kiwe katika hali gani? Jibu likiwa "kibaki kama kilivyo", tumia racheti. Likiwa "kifunge" au "kifunguke", basi uzito au springi iwe upande huo, na kazi ya umeme iwe kuzuia. Kaunta, pipa la chakula, kengele, kigawa mbegu, hata kibao cha namba za foleni zahanati, viko upande wa kwanza. Bomba lisilo na mwangalizi, mlango ambao mtu anaweza kufungiwa ndani, na chochote chenye moto au gesi, viko upande wa pili.

Walimu wa fizikia wa Magarini na mafundi wa jua kali wa Malindi wanaweza kulianza jambo hili wiki hii hii, kwa friwili moja, misumari mikubwa na waya wa mota iliyoungua. Mwanafunzi aliyechora kengele ya umeme ameshafika nusu ya njia. Aongezewe gurudumu na vidole viwili, apewe ampea-mita, aandike mwenyewe jouli za pigo moja na jouli za usiku mzima. Aanze kwa betri ya volti 12 yenye fyuzi ya ampea 3 kwenye waya chanya, asiipe koili mkondo zaidi ya nusu sekunde kwa mara moja kwa kuwa koili ya wati 20 iliyoachwa na mkondo inaungua, na umeme wa volti 240 wa ukutani asiuguse kabisa katika kazi hii, kwa sababu hakuna kifaa kati ya vyote vilivyotajwa hapa kinachouhitaji.